Neno Likikujia Katikati ya Ibada

Dada mmoja wa kikundi cha sifa, anayeabudu huku Eastlands ya Nairobi, aliniandikia juma lililopita akiuliza swali ambalo mimi mwenyewe nililiuliza kwa machozi miaka kumi na mmoja iliyopita. Alisema kwamba Jumapili alisikia neno, yaani ujumbe wa Mungu, likiwaka moyoni mwake kuhusu kusanyiko, akanyamaza kwa sababu mchungaji alikuwa amekwisha kufungua Maandiko, na tangu siku hiyo hana amani, kwa kuwa rafiki zake wamemwambia kwamba amemzimisha Roho. Nimemjibu faraghani. Lakini najua kwamba wengi wenu mnatamani kuhudumu madhabahuni kama anavyotamani yeye, kwa hiyo nimeona niyaseme wazi yale ambayo kwa muda mrefu niliyafunika.

Nilinena kwa lugha, yaani kwa maneno ya Roho yasiyoeleweka bila mfasiri, kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 19, katika kesha la Ijumaa kwenye kanisa la mabati huko Kayole. Miaka iliyofuata sitaisimulia. Nilifunga, niliomba, nikafanywa kiongozi wa sifa, na mtaani hata makanga wa matatu wakaanza kuniita mtumishi. Nililipenda jina hilo kupita kiasi, nami sikulitambua pendo hilo kuwa hatari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Mchungaji alikuwa ameuinua mkate, na kanisa lote lilikuwa kimya, nilipoanza kunena kwa lugha kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyefasiri. Kisha nikatangaza kwamba katika nyumba moja iliyoketi upande wa kushoto kulikuwa na mume anayemficha mkewe jambo, na kwa kuwa upande ule kulikuwa na ndoa moja tu iliyojulikana kuwa na taabu, vichwa vyote viliwageukia wale wawili. Mzee mmoja wa kanisa alimwashiria fundi wa mitambo, kipaza sauti kikazimwa. Nikaendelea kwa sauti yangu mwenyewe, nikiamini kwamba napingwa kwa ajili ya Bwana, mpaka wahudumu wa mlangoni wawili waliponishika viwiko na kunitoa kwa mlango wa pembeni, mke wangu akitazama na binti yetu akilia.

Neno lile halikuwa la kweli. Yule mama alirudi kwao kwa miezi kadhaa kabla ya kubainika kwamba mumewe hakuwa na siri yoyote. Niliwaendea wote wawili nikaomba msamaha, nao wakanisamehe, ingawa siku hizi wanaabudu kwingine. Hilo ni kosa langu, wala simtwiki mtu mwingine. Hata hivyo sitaficha kwamba kwa Jumapili sita nilizokaa nyumbani, hakuna hata mzee mmoja aliyebisha hodi kwangu. Waliniondoa mbele ya watu wote, kisha wakaniacha peke yangu, na jambo hilo bado linaniuma.

Katika majuma yale sita nilisoma kila jioni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, kuanzia sura ya 11 hadi ya 14, na nikajiona humo. Paulo aliuandika akiwa Efeso, yapata mwaka 55, akiwaandikia watu aliowashuhudia mwanzoni kabisa kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Karama walikuwa nazo tele, na bado walipokutana kwa chakula cha Bwana huyu aliona njaa na yule akalewa. Mimi niliyeivunja Meza kwa maneno yangu sikuweza kuipita haraka aya ile ya 21 ya sura ya 11.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba katika sura ya 14 Paulo anatoa hesabu. Wanenao kwa lugha wawe wawili, wasizidi watatu, tena kwa zamu, na mmoja afasiri; asipokuwapo mwenye kufasiri, mnenaji anyamaze katika kanisa, aseme na nafsi yake na Mungu. Manabii nao wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Aliyeketi akifunuliwa neno, wa kwanza anyamaze. Anayeamriwa kunyamaza hapo haambiwi kwamba neno lake ni la uongo. Anaambiwa tu kwamba zamu yake imepita, kwa sababu roho za manabii huwatii manabii.

Aya hiyo ya 32 ndiyo iliyonivunja. Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba sikuweza kujizuia. Lakini mwanzoni mwa sura ya 12 Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba walipokuwa watu wa Mataifa walichukuliwa tu kufuata sanamu zisizonena. Tendo la kuchukuliwa bila hiari Paulo analiweka upande wa sanamu. Roho Mtakatifu hamnyang'anyi mtu akili wala ulimi wake, na kwa hiyo neno ulilolishika mpaka wakati wake hujalizimisha, umelitunza.

Tazameni tunavyofanya hapa Nairobi mhubiri anapohubiri kwa Kiingereza. Mkalimani husimama kando yake, na mhubiri akisahau kumngoja, kina mama wa viti vya mbele huanza kutazamana, naye hutambua mara moja kwamba amewaacha. Tunawajali hivyo kwa lugha ya shuleni. Mbona tusiwajali kwa lugha za Roho, wakati siku ya Pentekoste yenyewe kila mtu alisikia wakisema kwa lugha yake mwenyewe? Paulo alipendelea maneno matano yenye kueleweka katika kanisa kuliko maneno elfu kumi kwa lugha, naye alikuwa mtu aliyemshukuru Mungu kwa kunena kwa lugha kuliko wote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Neno likikujia, liandike katika daftari, pamoja na tarehe. Mpelekee mchungaji au mzee kabla ya ibada au baada yake, umwachie alipime. Usiitaje ndoa ya mtu kwenye kipaza sauti, wala usimwelekeze mtu kwa ishara ambayo kusanyiko linaielewa. Na kabla ya yote, liandike.

Ndugu zangu, tumeufanya upako kuwa kelele. Tunageuza spika ziwaelekee watu waliolala katika magorofa ya jirani, kisha maofisa wa mazingira wakija na kanuni za kelele za mwaka 2009 tunasema kwamba ni mateso. Paulo aliuliza: mgeni akiingia na kuwakuta wote mnanena kwa lugha, hatasema kwamba mna wazimu? Jirani aliyeamshwa saa nane za usiku ndiye mgeni huyo, nasi tumemfukuza kabla hajafika mlangoni.

Nanyi wazee, utaratibu hauishii kwenye kitufe cha fundi wa mitambo. Sura hiyo hiyo ya 14 inawakataza kuzuia kunena kwa lugha, na Wathesalonike waliambiwa wasitweze unabii bali wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Aliyekosea mrejezeni kwa roho ya upole, kama Wagalatia walivyoagizwa. Mkimzima kijana Jumapili, Jumatatu nendeni mkanywe chai kwake. Maongozi, yaani karama ya kuliongoza kanisa, nayo yametajwa katika orodha ya karama, sura ya 12, aya ya 28, karibu kabisa na aina za lugha, wala hamkupewa mkae nayo ofisini.

Dada yule ameniandikia tena leo. Alimpelekea mchungaji wake karatasi, mchungaji akaipima na wazee wawili, na katika maombi ya Jumatano akalisoma neno lile mbele ya watu, nao wakapiga magoti. Hakusema limetoka kwa nani. Sasa ananiuliza kama ni dhambi kwamba alifika nyumbani akalia kwa sababu jina lake halikutajwa. Sijamjibu bado. Nitamwandikia usiku huu, nikishamweleza kwanza mke wangu jinsi nilivyokuwa nikilisubiri jina langu litajwe.