Usiingie ibada ya Kilutheri mahubiri yakianza

Mkuu, umeandika kwamba unahamia Tanga, mchumba wako ni Mlutheri, unataka kujua ibada yao ina upekee gani, na umeshaambiwa "liturjia ya mwanzo (yale maombi na majibizano yaliyopangwa) ni kukariri tu, ingia mahubiri yakianza". Usithubutu! Maneno hayohayo niliambiwa na jamaa mmoja pale Ngamiani, nikayafuata mwaka mzima, yakanigharimu kitu kisichorudi.

Dada yangu aliniomba niwe baba wa ubatizo wa mwanawe wa kwanza, huko Muheza. Nikapanda gari bila haraka, maana kwangu mahubiri ndiyo yalikuwa ibada yenyewe. Nafika mlangoni, mchungaji ndiyo anapanda mimbarani, na mtoto yuko mikononi mwa jirani yao, nywele bado mbichi kwa maji. Kashabatizwa. Jirani ndiye aliyesimama pale mbele, ndiye aliyeahidi kusaidia kumlea katika imani. Na Walutheri hawarudii ubatizo: kwao ni kazi ya Mungu, ikishafanyika imefanyika. Dada hakunigombeza. Alinipakulia wali, akaniuliza habari za safari, na hapo ndipo nilipoumia. Mtoto sasa yuko darasa la pili. Baba wa ubatizo anayemjua ni yule jirani.

Wala msinianzishie habari za saa za Kiswahili. Saa yangu ilikuwa sawasawa, mbovu ilikuwa ya yule mshauri! Mtu hajawahi kukaa kanisani mpaka baraka ya mwisho, anakufundisha wewe ibada. Angesema tu hajui, angepungukiwa nini?

Angenieleza kwamba Martin Luther, Mjerumani ambaye Walutheri wamechukua jina lake, hakuitupa misa ya kale. Mwaka 1523 aliirekebisha ikiwa bado ya Kilatini, na 1526 akatoa ya Kijerumani ili watu wa kawaida waelewe wanachokiimba. Alichokiondoa ni maneno yaliyoigeuza kuwa dhabihu ya padri. Ndiyo maana mpaka leo utasikia "Bwana utuhurumie", mchungaji anaimba, usharika (waumini wote) unajibu. Hayo ni mazungumzo, mkuu, na wewe una zamu yako.

Na mwanzoni ndiko kwenye ungamo. Unakiri dhambi, mchungaji anakutangazia msamaha, na Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho cha Luther, inakufundisha uupokee kana kwamba umetoka kwa Mungu mwenyewe. Umekuja mahubirini, umeukosa. Halafu uende mezani, ambako wao wanaamini unapokea mwili na damu ya Kristo kweli, si kumbukumbu tu?

Kaa kwenye benchi kabla ya kengele, kitabu chao cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, mkononi. Kabla ya kengele! Mavazi, kwaya, mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, hayo utayaona hukohuko. Mpigie mchumba wako leo umuulize ibada yao inaanza saa ngapi.