Maswali ya Wasomaji: Mgao wa samaki unapingwa kwa daftari

Swali: Ndugu mhariri, sisi ni wavuvi wa mshipi, tunavua siku za mapumziko kwa kujifurahisha. Kikomo chetu kimeshushwa hadi samaki wawili kwa siku na msimu umefupishwa, huku ada ya leseni na mafuta ya boti vikizidi kupanda. Wavuvi wa biashara hawakuguswa. Tulipolalamika tulijibiwa kuwa takwimu ndizo zilizoamua. Tufanyeje?

Jibu: Ulizeni hizo takwimu zilipatikanaje. Samaki wa biashara hupimwa kwenye mizani wanaposhushwa. Wenu, mara nyingi, hukadiriwa tu: idadi ya safari inayotokana na dodoso huzidishwa kwa wastani wa samaki kwa safari, unaotokana na mahojiano ya pale boti zinapotia nanga. Safari zikikadiriwa kuwa nyingi kuliko zilivyo kwa theluthi, samaki wenu nao wanaongezeka kwa theluthi, kwenye karatasi tu.

Hili si la kufikirika. Nchini Marekani, mamlaka ya bahari na anga, NOAA, ambayo pia husimamia uvuvi wa baharini, iliacha dodoso la simu ikashika la posta, na mwaka 2018 makadirio ya juhudi za uvuvi, yaani idadi ya safari, yakapanda sana. Mwaka 2023 NOAA yenyewe ikatangaza matokeo ya jaribio: kwa kubadili tu mpangilio wa maswali, makadirio ya safari za ufukweni na za boti binafsi yalishuka kwa jumla asilimia 30 hadi 40. Mtu akiulizwa kwanza kuhusu miezi 2 iliyopita, huingiza humo hata safari za zamani anazozikumbuka vizuri. Akianza kwa kuulizwa ya mwaka mzima, anazitenganisha.

Kwa hiyo barua yenu iombe mambo manne kwa maandishi: waliojibu dodoso ni wangapi; kosa la makadirio ni asilimia ngapi; mgawanyo kati yenu na wavuvi wa biashara ulitumia miaka ipi ya msingi, yaani miaka ambayo uvuvi wake ndio hupigiwa hesabu ya fungu la kila upande; na samaki wanaorudishwa majini wamehesabiwa kuwa wanakufa kwa asilimia ngapi. Swali la tatu ndilo wengi hulisahau, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Miaka ya msingi ikiwa ile ambayo uvuvi wenu haukuhesabiwa vizuri, mlipunjwa tangu mwanzo.

Kisha fungueni daftari la chama. Kila safari iwe na tarehe, saa ya kutoka na kurudi, idadi ya fimbo, eneo, kina, aina na urefu wa kila samaki aliyechukuliwa, na idadi ya waliorudishwa. Urefu upimwe kama kanuni inavyosema, ama hadi ncha ya mkia ama hadi panda ya mkia, na msichanganye. Safari ya mikono mitupu nayo lazima iandikwe! Hapo ndipo madaftari mengi huharibika: watu huandika siku nzuri tu, wastani unapaa, na chama kinajikuta kimethibitisha kwamba kinavua kuliko hata dodoso lilivyodai. Andikeni miezi 12 mfululizo, na mpeleke kabla ya tathmini ya samaki, yaani kazi ya kukadiria wingi wao baharini, kuanza. Mgao ukishatangazwa, mtakuwa mmechelewa.

Swali: Tukirudisha samaki wa kina kirefu anaelea tumbo juu. Huyo naye anakatwa kwenye mgao wetu?

Jibu: Kwa kawaida ndiyo, kwa makadirio, na inauma kumlipia samaki ambaye hamkumla. Anapopandishwa, hewa iliyo kwenye kibofu chake cha kuelea hutanuka. Tumbo hujaa, macho hutoka, na mfuko wa chakula unaweza kuchungulia mdomoni. Msitoboe kile kinachochungulia, ni mfuko wa chakula, si kibofu.

Mrudisheni chini. Kanuni za Marekani kwa samaki wa miamba wa Ghuba ya Mexico, zilizoanza mwaka 2022, zilitaka boti iwe na kifaa cha kutolea hewa au kifaa cha kushushia, na hicho cha kushushia kiwe na uzito usiopungua wakia 16, karibu nusu kilo, na kamba isiyopungua futi 60, kama mita 18. Kwa samaki mkubwa ongezeni uzito, la sivyo ataelea nao. Kibanio kikae kwenye taya la chini, mshusheni bila kukawia, na mmwachie chini. Kifaa kiwe tayari kabla ya mshipi wa kwanza kuzama, kwani kila dakika anayokaa juu ya sitaha inampunguzia uhai. Ndoana ya duara pia inasaidia, kwa sababu hukamata pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa; ila msiivute kwa kishindo, kazeni mshipi polepole.

Swali: Na gharama?

Jibu: Anzeni na mafuta. Sehemu ya chini ya boti ikiota magugu na chaza, injini hufanya kazi zaidi kwa mwendo uleule. Isugueni, na mkague kama panga la injini limepinda au kumeguka. Mshipi wa kusuka uliochakaa upande wa mbele ugeuzeni: uhamishieni kwenye gurudumu jingine, ili ule uliokuwa chini, ambao haujaguswa na maji, uje juu.