Rilei ya volti 5 au 12? Anza na koili

Msomaji ameandika: "Nimeunga rilei na ESP32 ili niwashe pampu ya volti 12. Nasikia tiki, halafu bodi inazima na kuwaka upya. Rilei ni ya ampia 10, tatizo nini?"

Ndugu yangu, rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme: koili (waya uliozungushwa) ikipata umeme inakuwa sumaku na kufunga kontakti, vipande vya chuma vinavyopitisha umeme wa pampu. Hizo ampia 10 ni za kontakti, upande wa pampu. Bodi yako ya ESP32, hiyo kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, inaumizwa na koili.

Chukua rilei ya buluu inayouzwa kila duka la vipuri, SRD-05VDC-SL-C. Hiyo 05VDC ndiyo volti ya koili. Ukinzani wake ni kama omu 70, kwa hiyo kwenye volti 5 inavuta miliampia 71 hivi. Pini ya Arduino Uno, bodi nyingine ya aina hiyo, haitakiwi kutoa zaidi ya miliampia 20. Tena rilei hii inahitaji asilimia 75 ya volti zake ili ivute kontakti, yaani volti 3.75, na pini ya ESP32 inatoa 3.3 tu. Usiiunge moja kwa moja kwenye pini, hata kwa kujaribu!

Kama tayari una betri ya volti 12 kwa ajili ya pampu, nunua SRD-12VDC-SL-C. Koili yake ni omu 400, inavuta miliampia 30, na inakula kutoka kwenye betri yenyewe badala ya kuibebesha regyuleta (kidhibiti volti) ya bodi. Lebo ikiwa imefutika, pima koili kwa multimita: 70 au 400, utajua mara moja.

Katikati ya pini na koili weka transista ya NPN, swichi ndogo inayowashwa na mkondo mdogo wa pini; 2N2222 inatosha. Ina miguu mitatu: emita, kolekta na besi. Emita iende graundi, kolekta iende koili, na upande wa pili wa koili uende chanya. Besi iunge na pini kupitia rezista: kwa ESP32 iwe omu 470. Kwa bodi ya volti 5, kilo-omu 1. Graundi ya betri na ya bodi lazima ziungane. Hakikisha mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya data, maana kwenye P2N2222A miguu imegeuzwa.

Kisha dayodi (kipitisha umeme upande mmoja tu), 1N4007, sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Watu wanairuka kwa sababu saketi inafanya kazi bila hiyo. Inafanya, kwa muda. Koili ikikatiwa umeme inarusha volti nyingi kinyume, na transista ndiyo inayozipokea.

Sasa ndiyo uangalie kontakti. Mota ikianza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na cheche ya DC haizimiki kirahisi kama ya AC. Pampu ya ampia 3 ipe rilei ya 10, na mota nayo iwekee dayodi yake. Ukibana matumizi hapo kwa kuchukua rilei ndogo, kontakti zitashikana na pampu itaendelea kusukuma maji hata bodi ikiwa imezimwa.