Usianze kuruka kabla pesa hazijatosha

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka leseni ya rubani binafsi huwaudhi wengi: kama huna pesa za kuruka angalau mara tatu kwa wiki mpaka mwisho wa mafunzo, usianze bado. Endelea na kazi yako, weka akiba, soma vitabu, kisha uje Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, ukiwa umejipanga. Kuna wanaosema "anza tu, mengine yatajipa". Wengi wa hao wameishia katikati, na wengine mpaka leo wana madeni ya chuo.

Sababu ni kwamba kuruka kunakaa mikononi. Sheria za anga na hesabu za safari unaweza kuzisoma leo na mwezi ujao ukazikuta kichwani. Kutua si hivyo. Ukishafika juu ya mwanzo wa njia ya kurukia, unapunguza nguvu ya injini, unahamisha macho kutoka pale ulipokuwa unapalenga na kuyapeleka mwisho kabisa wa lami, kisha unavuta usukani kidogo kidogo huku ndege ikizama, ili magurudumu makubwa yaguse kabla ya lile la pua. Yote hayo ni sekunde chache. Huna nafasi ya kukumbuka kitabu kilisema nini; mkono ndio unaohisi usukani unavyolegea kadiri kasi inavyopungua. Kaa wiki tatu bila kuruka na hisia hiyo inakuaga, halafu saa ya kwanza ya kurudi unailipia ili ufike pale pale ulipokuwa. Anayeruka mara moja kila baada ya wiki mbili anachota maji kwa pakacha.

Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka saa 40 za kuruka kwa uchache, zikiwamo saa 10 za kuruka peke yako chini ya usimamizi wa mwalimu. Hizo 40 ndizo vyuo huandika kwenye matangazo. Katika niliosoma nao sikumwona aliyemaliza na 40. Piga hesabu ya 60, ongeza ada za mitihani, daktari, mtahini na viwanja unavyotua, na mafuta yakipanda bei usishangae, maana petroli hiyo ya ndege, ile ya rangi ya buluu, inatoka nje.

Uliza pia saa inahesabiwaje. Vyuo vingine hutoza tangu injini inapowaka, vingine tangu magurudumu yanapoacha ardhi, na Wilson tofauti hiyo si ndogo. Asubuhi ndege za watalii zinapoelekea Mara na Amboseli, unaweza kujikuta umepanga foleni nyuma ya Caravan tatu, zile ndege ndogo za abiria, pangaboi linazunguka, na mita inasogea. Saa ya ndege hugawanywa mafungu kumi, kwa hiyo kila dakika 6 za kusubiri unazilipia kama vile uko angani.

Na usilipe ada yote siku moja. Kijana mmoja niliyemfahamu alilipa kila kitu alipojiandikisha, halafu ndege za chuo chake zikaingia karakana moja baada ya nyingine, akabaki anapiga simu. Lipa kwa mafungu ya saa kumi kumi. Kabla ya kulipa lolote, nenda chuoni siku ya kazi asubuhi bila miadi, simama uangalie ni ndege ngapi zinaruka na ngapi zimefunikwa turubai.

Daktari ni kabla ya chuo. Leseni binafsi inahitaji cheti cha afya cha daraja la pili, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Wanapima macho, masikio, moyo, mkojo, na uwezo wa kutofautisha rangi. Kama ndoto yako ni kufika kwenye shirika la ndege, fanya kipimo cha daraja la kwanza tangu mwanzo. Ni ghali zaidi, lakini ni afadhali kujua sasa.

Majira nayo yana maana. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hula masomo mengi. Juni hadi Agosti Nairobi hufunikwa na wingu la chini asubuhi, lile linalotufanya tuvae sweta, na mwanafunzi anaweza kukaa kantini mpaka saa tano akisubiri liinuke. Mimi ningeanza mapema Januari: asubuhi ni nyeupe na unapata wiki nyingi mfululizo. Kasoro yake ni joto la mchana, na joto pale Wilson ni somo peke yake.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu uwanja uko karibu na usawa wa bahari. Wilson uko takribani futi 5,500 juu. Kwa mwinuko huo, jedwali la kimataifa linachukulia joto kuwa nyuzi 4 hivi. Sasa mchana wa Februari kipimajoto kinasoma 26. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi, na kila nyuzi moja juu ya jedwali ni kama kuongeza futi 120 kwenye mwinuko wa uwanja. Nyuzi 22 mara 120 ni futi 2,640. Yaani Cessna yako, kindege cha mafunzo, iko ardhini Lang'ata, lakini bawa, pangaboi na injini vinafanya kazi kana kwamba viko futi 8,000. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, imepoteza karibu robo ya nguvu zake, na Cessna 152 ina nguvu za farasi 110 tu tangu kiwandani. Mkalishe mtu wa kilo 85 kila upande, mafuta yakiwa yamejaa, utaona Mbuga ya Nairobi kwa ukaribu ambao hukuutaka.

Siku moja ya joto kama hilo nilimwuliza mwalimu, "Kapteni, mbona hainyanyuki?" Akajibu bila kugeuka, "Itanyanyuka ikifika kasi yake. Usiivute." Hilo ndilo jibu lote. Mwanafunzi akiona lami inaisha, mkono wake unataka kuvuta usukani, na kuvuta mapema ndiko kunakoinyima ndege kasi. Kitu kingine ni kile kishikio chekundu cha kupunguza mafuta. Pwani unakisukuma chote ndani kabla ya kuruka. Wilson ukifanya hivyo injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na nguvu kidogo zilizobaki unazipunguza mwenyewe. Kwenye kutua, kipimo cha kasi kitakuonyesha noti 60 (maili za baharini kwa saa) zile zile za kitabuni, lakini kwa hewa ya futi 8,000 kasi yako halisi ni karibu 68, na utabingirika mbali zaidi kabla ya kusimama. Aliyejifunzia juu akishuka pwani hufurahi. Aliyejifunzia pwani akipanda Nairobi, aombe mwalimu kwanza.

Wilson kuna msongamano pia. Ndege za abiria, za mizigo, za madaktari, helikopta na wanafunzi wote wanatumia anga moja dogo, uwanja wa Jomo Kenyatta ukiwa upande mmoja na vilima vya Ngong upande mwingine. Machi 2024, Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi muda mfupi baada ya Dash 8 kuruka. Dash 8 ilirudi salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Siku zile hakuna aliyekuwa na hamu ya kuruka. Ninachomwambia mwanafunzi ni hiki: skrini na vipimo vipe jicho la sekunde mbili, kisha rudisha macho nje. Sikiliza redio ukijenga picha ya nani yuko wapi, hata kama hakutajwa jina lako. Na mashaka yakikuingia, uliza mnara. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, acheke.

Redio ndiyo inayowatetemesha wengi kuliko stoli, yaani pale bawa linapoacha kubeba ndege. Kiingereza chenyewe si shida, kwani kanuni zinataka kiwango cha 4 kati ya 6 na lafudhi ya kwetu haina kosa. Shida ni kusema ukiwa unaendesha. Dawa yake ni ya bure: ruka kitini. Bandika picha ya dashibodi ukutani, keti, peleka mkono kwenye kila swichi kwa mpangilio wa orodha ya ukaguzi, na useme kila neno kwa sauti: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo South C, na usiku wa kwanza alikuja mlangoni akiwa na kanga kichwani. "Mwanangu, wazungumza na nani humo?" Nikamwambia na mnara. Akarudi kulala, ila asubuhi aliuliza kama mnara umejibu.

Mwalimu mmoja ni bora kuliko watatu wazuri. Wengi wa wanaofundisha wanakusanya saa ili waajiriwe na mashirika, na siku wakiitwa wanaondoka. Hilo si kosa lao. Lakini mwalimu mpya atataka kukuona tangu mwanzo, naye ana njia yake ya kutua. Muulize mapema, kwa heshima, kama anatarajia kuwepo miezi minne ijayo.

Utafika mahali ambapo kutua kunakataa. Unazunguka uwanja, unatua, unaruka tena, na kila mguso ni mbaya kuliko wa jana. Karibu kila mtu hupita hapo, mara nyingi kabla tu ya kuruka peke yake. Usibadilishe chuo, usikae nyumbani wiki mbili "kupumzisha akili". Punguza urefu wa somo, hamia saa za asubuhi kabla upepo haujaamka, na urudi kesho.

Siku ya kwanza ya kuruka peke yako sitaieleza sana, watu wameipamba vya kutosha. Jua tu kwamba ndege ya kilo 757 ikiondokewa na mwalimu wa kilo 80 inakuwa ndege nyingine: inapanda haraka, na wakati wa kutua inaelea muda mrefu kuliko ulivyozoea. Ukishuka utamwagiwa ndoo ya maji. Simu mpe mtu akushikie. Hatari halisi inaanza wiki inayofuata. Hapo ndipo pesa za wengi huisha, maana walipiga bajeti ya kufika solo, yaani huko kuruka peke yao, na picha ya ndoo ikishapata sifa za kutosha wanapotea.

Baada ya solo kuna safari. ICAO inataka saa 5 za safari ukiwa peke yako, mojawapo isiyopungua kilomita 270, ukitua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Hapa jifunze kanuni ya moja kwa sitini: ukikosea njia kwa nyuzi 1, baada ya maili 60 za baharini utakuwa umepotoka maili 1. Tuseme unakwenda Amboseli. Umeshaivuka barabara ya Namanga, inapaswa kubaki kulia kwako. Baada ya maili 30 unagundua uko maili 2 nje ya mstari. Hiyo ni sawa na 4 kwa 60, kwa hiyo umekosea nyuzi 4. Geuka nyuzi 4 uende sambamba na mstari, ongeza 4 nyingine uurudie ndani ya maili 30 zijazo. Hesabu ya kichwani, bila kalamu. Usitegemee mlima. Kilimanjaro asubuhi na mapema huonekana mbele yako ukadhani huhitaji ramani. Saa nne mawingu yameshaufunika.

Mazoezi ya injini kuzimika yafanye mpaka yakuchoshe. Ukiwa futi 2,000 juu ya ardhi, Cessna 152 inaweza kuteleza takribani kilomita 5 bila injini, na lazima uchague pa kutua ndani ya hizo. Nyanda za Kitengela walizofanyia mazoezi wakubwa wetu sasa ni ploti, kila moja na ua wa seng'enge na nguzo ya umeme. Kila ukipita, chagua shamba hata kama hujaulizwa, na kwanza tazama upepo unapeleka wapi moshi wa watu wanaochoma taka.

Kuhusu mtihani wa mwisho nina neno moja tu. Wiki moja kabla, mwombe mwalimu asiyekufahamu aruke nawe kama mtahini, kuanzia hesabu za uzito na mafuta mpaka kuegesha. Wa kwako ameshazoea makosa yako kiasi kwamba hayaoni. Hiyo ni saa moja na nusu ya ndege, na iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.