Nyuro netiweki kwenye gari la umeme, usiitupe MPC
Kaka, umeuliza kama nyuro netiweki (programu inayojifunza yenyewe kutokana na data) inaweza kushika nafasi ya MPC yote (kontrola inayotumia modeli kutabiri mwendo wa gari, kisha inachagua amri bora bila kuvuka mipaka) ili gari lako la mota nne lisiserereke kwenye kona. Mi ningekwambia fizikia usiitupe, baki na ile modeli ya baiskeli (hesabu rahisi za gari zinazochukua magurudumu mawili ya mbele kama moja, na ya nyuma kama moja), halafu netiweki ndogo tu ijifunze pale modeli inapokosea, hasa tairi, maana tairi likishafika mwisho wa kushika barabara zile hesabu za mstari mnyoofu (zinazodhani nguvu ya tairi inapanda sawia tu na jinsi linavyoteleza) zinakudanganya kabisa. Netiweki nene nayo shida, kontrola ikirudia hesabu zake kila milisekunde 20 huenda isiwahi kumaliza. Data ukusanye na za barabara yenye maji, ukiifunza lami kavu tu siku ya mvua itaanza kubahatisha. Mipaka ya torki (nguvu ya mota ya kuzungusha magurudumu) iachie MPC yenyewe.