Uliza Mwalimu: Sahani zangu zanuka sabuni ama ni dhania?

SWALI: Mwalimu habari yako. Niko na kibanda cha samaki hapa Kondele, Kisumu. Kuna kastoma wangu mmoja, mzee mpole sana, siku nyingi anakula anamaliza lakini kuna siku anasukuma sahani anasema "mama, vyombo vyenu havisuuzwi, hii inanuka sabuni". Mara ya kwanza nikaomba msamaha, mara ya pili nikamgombeza msichana anayeniosha vyombo, mara ya tatu nikamkata mia moja. Juzi nikaosha mwenyewe, nikasuuza maji tatu, mzee akanusa tu akaniangalia, sahani ikarudi. Mimi nikionja sisikii kitu! Sasa nimekuja kugundua ni siku zile nimetoka soko la Kibuye na dhania nikaikatia juu ya mchuzi. Ni dhania ama huyu mzee anatafuta kula bure?
Mama Samaki, Kondele

JIBU: Mama, mrudishie huyo msichana mia yake leo leo, alafu ndio tuongee.

Mzee hadanganyi, na wewe pia hudanganyi, ni pua tu hazifanani. Ndani ya pua, juu kabisa, kuna neva za kunusa, na kila neva imebeba aina moja ya kipokezi, yaani protini ambayo kazi yake ni kunasa chembe za harufu zikipita na hewa. Jeni za hizo protini, yaani maagizo ya mwili ya kuzitengeneza, zilijulikana mwaka wa 1991, kazi ya Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, wakapewa tuzo ya Nobel 2004. Binadamu tuko na karibu aina 400 zinazofanya kazi, na kuna zingine nyingi kuliko hizo ambazo jeni zake zilishakufa, zimebaki tu ndani yetu kama yale magari yameota nyasi nyuma ya gereji. Sasa utamu wa hii stori ni kwamba zile 400 zako si sawa na 400 za mzee, ukichukua watu wawili wowote, kwa wastani karibu asilimia 30 ya vipokezi vyao vinafanya kazi tofauti, kingine kikali kwako na kwake kimelala.

Majani ya dhania yamejaa kemikali zinaitwa aldehaidi. Ndugu zake wa karibu wanapatikana kwa sabuni, na hata kunguni akifinywa anatoa hizo hizo (samahani kama uko mezani). Mwaka wa 2012 watafiti wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima jeni, waliuliza watu zaidi ya 25,000, wengine kama dhania ina ladha ya sabuni, wengine kama wanaipenda, wakalinganisha na jeni zao, wakakuta tofauti iko mahali kwa kromosomu ya 11 (moja ya nyuzi zinazobeba jeni) penye jeni za kunusa zimepangana, mojawapo OR6A2, ambayo kipokezi chake kinanasa aldehaidi vizuri sana. Lakini jeni hiyo inaeleza kipande kidogo tu, mazoea nayo yana nguvu. Mwaka huo huo vijana wa Toronto, Kanada, waliulizwa kama wanachukia dhania, wenye asili ya Afrika waliosema ndio walikuwa asilimia 14, wenye asili ya India na majirani zake 7 tu, na hao si wamelelewa na dhania kwa kila sufuria?

Mpime hivi. Chota mchuzi mmoja kwa bakuli mbili zilizooshwa beseni moja, moja weka dhania, ingine usiweke, ichuje isionekane, alafu mwambie mtu ambaye hajui ni gani ampelekee. Akishika ile ya dhania mara tatu mfululizo basi kesi imeisha, siku hizo dhania yake iwe kando kwa kisahani.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa redio na simu Nakuru. Nikileta nyama ya nguruwe nyumbani, kuna siku mke wangu anafungua madirisha yote anasema inanuka mkojo. Mimi sisikii, mtoto mkubwa anasikia, mdogo anakula mpaka anaomba yangu. Kwani nauziwa nyama mbovu?
Fundi

JIBU: Si mbovu, fundi, ni dume ambalo halikuhasiwa. Korodani za nguruwe dume zinatoa kitu kinaitwa androstenoni, kinakaa kwa mafuta, na ukiyapasha moto kinapaa. Kipokezi kinachokinasa ni OR7D4. Watafiti wa vyuo vikuu vya Rockefeller na Duke, Marekani, walionyesha 2007 kwamba kuna watu ambao hiyo protini yao, mnyororo wa amino asidi 300 na kitu, imebadilika mahali pawili tu, namba 88 na 133, na kipokezi kinakufa ganzi. Wengine wanasikia mkojo, wengine kitu kitamu kama vanila, wengine zii. Kila mtu ana nakala mbili za jeni yake, moja ya baba moja ya mama. Ya mke wako inaelekea ni kali, yako imelala, na watoto wakagawana vile ilianguka. Kwa hivyo usimwambie mama watoto anaringa.

Na bahati yako wewe ni fundi. Kuna machinjio huko Ulaya mtu anagusa mafuta ya mzoga na chuma cha moto cha kulehemu waya, ule moshi ukitoka ananusa. Hicho chuma si unacho kwa meza? Omba kipande cha mafuta kabla hujanunua kilo mbili, kiguse nacho, lakini safisha ncha kwanza isiwe na risasi ile ya kulehemu na usikile tena hicho kipande. Na ukiguse ukiwa na mke wako karibu, wewe ukinusa peke yako utarudi na nyama ile ile tu.