Osaka kwa Siku Moja, Pamoja na Bibi na Watoto: Msikubali Kuambiwa Haiwezekani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Tanga. Mume wake yuko Japani kwa mafunzo, amewaita yeye na watoto wamtembelee, na katika ratiba yao Osaka wamepata siku moja tu. Anauliza: "Dada, siku moja, watoto watatu na mama yangu mzazi, si bora nichague sehemu moja nitulie? Kila ninayemuuliza ananiambia nitawachosha watu bure."

Nilimjibu kwa kifupi kwamba asiwasikilize. Leo namjibu kwa kirefu, kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi na mengine bado hayajanitoka moyoni.

Mume wangu yuko masomoni Kobe, mji jirani na Osaka. Novemba iliyopita tulimfuata mimi, watoto wetu watatu (miaka kumi, saba na minne) na mama mkwe wangu. Mama ni mzaliwa wa Kilindoni, Mafia. Amevuka sitini, ana nguvu zake, ila magoti hayapatani na ngazi. Tangu tulipoanza kuhangaikia viza, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wakala mmoja wa safari pale Dar aliitazama orodha yetu akasema, "Bibi mwacheni hotelini na huyo mdogo, ninyi wengine mtembee haraka." Alisema mbele yake, kana kwamba hayupo. Mama hakujibu. Aliufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. Na kwenye kundi la familia kuna aliyeandika kwamba mtoto wa miaka minne hakumbuki kitu, kwa hiyo nauli yake ni hela ya kutupa baharini.

Siku hiyohiyo nikaweka nia: Osaka tutaiona wote sita, asubuhi hadi usiku, na mwendo utakuwa wa bibi.

Sasa sikilizeni namna ya kupanga. Watu wengi hupanga siku kwa orodha ya picha wanazotaka kupiga. Wanazunguka mji mzima, wanapanda na kushuka, ikifika saa nane mchana watoto wanalia na wakubwa wamenuniana. Sisi tulipanga kwa njia ya treni. Pale Osaka mistari ya treni za chini ya ardhi ina rangi. Mstari wa kijani, unaoitwa Chuo, unakatiza mji kutoka mashariki kwenda magharibi. Upande mmoja unakushusha Tanimachi Yonchome, karibu na ngome ya Osaka. Upande wa pili unakushusha Osakako, bandarini, kwenye jumba la samaki la Kaiyukan. Katikati kuna stesheni ya Hommachi, hapo unabadilisha kuingia mstari mwekundu, Midosuji, hadi Namba, na Namba ndiko kwenye taa na chakula cha usiku. Ngome asubuhi, samaki mchana, taa jioni, yote kwenye mistari miwili. Ukitoka na hilo tu kwenye makala hii, inatosha: panga kwa mstari wa treni.

Jambo la pili nililolifanya ni kuwapa watoto kazi. Niliwaambia leo tunamtafuta pweza. Atapatikana mara tatu, na mwamuzi ni bibi.

Tulifika kwenye ngome kabla haijafunguliwa, saa tatu kasoro. Tulipita Otemon, lango la magharibi, handaki la maji chini yetu pana kama nini, na majani ya miti ya ginkgo yamegeuka manjano matupu. Toyotomi Hideyoshi, mbabe wa vita wa enzi hizo, alianza kuijenga ngome mwaka 1583, ukoo hasimu wa Tokugawa ukaiteka mwaka 1615, ukaijenga upya, na radi ikauchoma mnara mkuu mwaka 1665. Miaka zaidi ya 250 mji ulikaa bila mnara. Huu unaoonekana leo ni wa zege, ulimalizika mwaka 1931 kwa michango ya wananchi wenyewe. Mume wangu aliwaeleza watoto hayo tukitembea polepole, na mwendo wa bibi ukatupa nafasi ya kusikiliza. Waliotupita mbio sidhani kama waliona zaidi ya migongo ya wenzao.

Ukivuka lango la Sakuramon unakutana uso kwa uso na jiwe moja lililosimamishwa ukutani. Upana wake ni karibu mita 12, kimo mita tano na nusu, na uzito unakadiriwa kupita tani 100. Lilitoka Bizen, magharibi mwa Osaka, kwa njia ya bahari ya ndani ya Seto, enzi ambazo hakuna winchi wala injini. Wenyeji huliita Jiwe la Pweza, kwa sababu upande wa kushoto chini kuna doa la kahawia lenye umbo la kichwa cha pweza. Mtoto wa kati ndiye aliyeliona kwanza. Bibi alisogea, akainama, akalikagua kwa makini, akatoa hukumu: "Ndiye. Kichwa kile." Wakati wa usichana wake alikuwa akitoka na kina mama wenzake maji ya bamvua yakikupwa, kwenda mwambani kuchokoa pweza. Watoto wangu hawakuwahi kuisikia habari hiyo. Waliisikia Osaka, chini ya jiwe.

Mnarani mna lifti, ila foleni ilikuwa imeanza kurefuka, na bibi akasema yeye atakaa kwenye benchi na mdogo. Alichagua mwenyewe. Baba na wakubwa wawili wakapanda, mimi nikabaki na chupa ya chai. Watoto hawalipi kuingia mnarani. Mtu mzima, tangu Aprili 2025, hulipa yeni 1,200.

Safari ya kwenda bandarini siielezi sana: mdogo alilala kwenye kigari chake, sisi tukakaa. Ikikaribia stesheni ya Kujo treni inatoka ardhini na kupanda juu ya mapaa ya nyumba, na huo kwa watoto ni utalii tosha wa bure.

Kaiyukan ilifunguliwa mwaka 1990. Tikiti zake zina saa ya kuingia, kwa hiyo nunueni mapema mtandaoni, msiende kubahatisha. Ndani unapandishwa kwanza hadi juu kabisa, kisha unashuka taratibu ukilizunguka tangi kubwa la katikati. Hakuna ngazi za kumtesa mwenye magoti, ni mteremko mpole, na benchi zipo. Tangi hilo lina kina cha mita tisa na maji tani 5,400, nalo ndilo wanamokaa papa potwe.

Naomba nikae hapa kidogo.

Mtu wa Mafia potwe anamjua. Kuanzia mwezi wa kumi hivi samaki hao huja karibu na Kilindoni, na watalii hulipa fedha nyingi kuogelea nao. Mama mkwe amewaona tangu utotoni, lakini amewaona kutoka juu, ndani ya mashua: mgongo wenye madoa meupe unapita, mkia, basi. Pale Osaka tulikuwa tumeshashuka chini ya nusu ya tangi. Potwe akaja kutoka upande wa giza, taratibu, akapita juu ya vichwa vyetu, tumbo lote jeupe likaonekana. Mama aliweka kiganja kwenye kioo. Akasema, "Kumbe chini ni mweupe hivi. Miaka yote ile sikumwona tumbo." Mwanangu mdogo akamwuliza, "Bibi, ni yule wa kwenu?" Akamjibu, "Ni ndugu yake." Wakasimama pale wawili hadi potwe alipozunguka tena na tena, na sisi wengine tukakaa kwenye benchi tukawaacha. Huyo ndiye bibi aliyetakiwa aachwe hotelini.

Pweza wa pili tulimpata kwenye tangi la bahari ya ndani ya Seto. Bibi alimwona kabla ya watoto, maana yeye anajua pa kutazama: alimtafuta kwenye tundu.

Tulipotoka tulikula wali wa kufinyanga wenye jodari tulioununua dukani asubuhi, na mayai ya kuchemsha. Tukatandika mkeka mwembamba ufukoni nyuma ya jengo, tukasali adhuhuri na alasiri kwa pamoja kama wasafiri. Hakuna aliyetusumbua. Pembeni kuna gurudumu kubwa la Tempozan, mita 112.5 kwenda juu, na watoto walililia kwelikweli. Nilikataa. Kila siku ya matembezi iwe na kitu kimoja mtakachokiacha kwa makusudi, ili mpate saa moja ya kukaa tu. Saa hiyo ndiyo iliyotubebea jioni yetu.

Novemba jua la Osaka huzama karibu na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tulipotoka stesheni ya Namba taa zilikuwa zimewaka zote. Mfereji wa Dotonbori, ulio hapohapo Namba, ulikamilika mwaka 1615, mwaka uleule ngome ilipoanguka, na mwanangu mkubwa aliukumbuka mwaka huo bila kuambiwa. Kutoka daraja la Ebisubashi mnamwona yule mkimbiaji wa Glico aliyeinua mikono, tangazo la kampuni ya peremende lililowekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Pigeni picha, msogee. Darajani watu ni wengi mno kwa mtoto mdogo.

Pweza wa tatu alikuwa takoyaki, tonge za unga zenye kipande cha pweza ndani, chakula kilichoanzia Osaka kwenye miaka hiyohiyo ya thelathini. Mama alisimama kwa muuzaji asibanduke. Chuma chake kina vishimo vya duara safu kwa safu, ni chuma cha vitumbua hasa, ila huku wanageuza kwa vijiti viwili vyenye ncha, kila tonge nusu mzunguko, unga uliomwagika pembeni unasukumiwa ndani hadi inakuwa mviringo kamili. Tuliomba bila mchuzi, chumvi tu, kwa sababu Mwislamu lazima aulize kilichomo kwenye michuzi ile. Mama alitafuna, akafikiri, akasema, "Huyu amepigwa vizuri." Pweza hupigwa ili alainike, na wenye kumjua wanaelewa hiyo ni sifa kubwa kiasi gani.

Kutoka Namba kuna treni ya Hanshin inayofika Kobe bila kubadilisha. Watoto wote walilala. Bibi hakulala.

Ndugu zangu, niseme wazi. Tumezoea kuwahesabu wazee kama mizigo: nani atabaki naye, nani atamshika. Tunawajengea nyumba, tunawatumia hela kila mwezi, halafu safari ikija tunawaacha sebuleni na rimoti. Mzazi wako bado anatembea? Mtoe. Si lazima iwe Japani, mpeleke hata Bagamoyo, lakini mpeleke akaone, na umpe kazi ya kufanya huko, asiwe wa kusindikiza tu. Na watoto wadogo vilevile. Aliyesema mtoto wa miaka minne hakumbuki, namwalika nyumbani kwangu aone daftari. Hadi leo mwanangu mdogo akichora samaki anaacha tumbo jeupe, na ukimwuliza kwa nini, anakwambia bibi ndiye aliyemwonyesha.

Kwa dada wa Tanga, haya ya mwisho uliyouliza. Kigari cha mtoto chukua. Stesheni zina lifti, ila huwa kwenye mlango mmoja maalumu, kwa hiyo tafuta namba ya mlango huo kabla ya kutoka hotelini. Mtoto asiyefika miaka sita hupanda treni bure akiwa nawe, wa sita hadi kumi na moja hulipa nusu. Kuna kadi ya siku nzima ya treni za chini ya ardhi, Enjoy Eco Card, unainunua kwenye mashine, na Jumamosi na Jumapili ni nafuu zaidi, lakini haitumiki kwenye treni za makampuni mengine kama Hanshin na JR. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia, ukienda Tokyo ndiyo mtasimama kushoto. Beba mfuko wa taka, mapipa barabarani ni adimu. Na kiti cha kwanza kinachopatikana, popote mtakapokuwa, ni cha mama.